Kanzu ya Babu Juu ya Mwanzi

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia katika uwanja wa shule yetu, hapa Alunguli, bila hata hodi, matope yamempanda hadi magotini, akaniuliza mbele ya watoto wote: "Mwalimu, njo wewe unavulisha watoto viatu?"

Nilikuwa nimewapanga watoto wa klasi yangu nje, mstari mmoja, miguu peku, sketi na suruali zimepandishwa kidogo. Mwaka huu mvua zina kichaa. Upepo ulishabeba mabati ya klasi mbili, na mto ulipanda mpaka ukaingia kwenye bustani za watu, basi direkta wa shule akatuomba tuwafundishe watoto namna ya kujikinga hali ya hewa ikichafuka. Kila mwalimu afundishe anachokijua. Mimi ninajua mambo mawili tu: kuhesabu baada ya umeme, na kusikia upepo kwa kifundo cha mguu. Nikamjibu yule mama kwamba ndiyo, ni mimi.

"Mutoto wangu hatafundishwa hiyo," akasema. "Kulikuwa mama mukubwa mumoja kule ng'ambo, wakati wa vita, alikuwa anapima upepo na miguu hivi hivi. Alikuwa mulozi. Aliita upepo, ukamuua mama yangu."

Rafiki yangu, huyo mama mukubwa nilimjua. Nikamtazama vizuri, nikauona mwanya wa meno yake ya mbele, nikamtambua. Utotoni tulikuwa tunagawana kitumbua kimoja, mimi na yeye, na kugombania nusu iliyo kubwa. Yeye hakunitambua, maana mwili umenijaa na miaka imepita mingi. Mimi ninayewapigia watoto kelele kila siku waseme kweli, nikasema tu, "Sawa, mama, tutaongea." Akamshika mtoto wake mkono, wakaenda, na mtoto hajarudi klasini. Tangu siku hiyo usingizi ulinikimbia. Basi keti, nikusimulie kilichokuwa kimenifunga mdomo.

Wakati wa vita tulikaa upande wa pili wa mto, Kindu yenyewe, karibu na kivuko. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na nyanya, mama yake baba. Baba alikuwa amekwenda Kampene kuchimba madini, halafu njia zikafungwa, tukabaki kumtaja kwenye dua. Babu alikufa kabla ya vita. Alikuwa mtu wa msikitini, msafi kupita kiasi, na alituachia nyumba yenye baraza pana na kanzu moja nyeupe.

Hiyo kanzu njo habari yenyewe. Nyanya alikuwa binti wa Wagenia, watu wa mto, na alipenda kujisifu kwamba nusura azaliwe ndani ya mtumbwi. Mashamba yetu yalikuwa huku Alunguli, muhogo na mpunga kidogo, na mama alivuka kila asubuhi pamoja na jirani yetu, wakarudi alasiri. Mto pale ni mpana, na upepo ukiukamata, mtumbwi hauna lake. Kwa hiyo nyanya alifunga mikono miwili ya kanzu ya babu kwenye mwanzi mrefu, akausimika ukingoni. Kanzu ikiwa juu, mto ni salama, vukeni. Kanzu ikishuka, bakini ng'ambo mpaka mvua ipite. Askari walipomuuliza ile bendera ni ya nani, alisema ni nguo ya marehemu, haikauki. Watu wa mashamba wote waliizoea. Walikuwa wanaulizana, "Kanzu iko juu?" "Iko." Na makasia yanaingia majini.

Alijuaje? Aliketi barazani anachambua sombe, majani ya muhogo, miguu peku kwenye udongo. Ghafla mikono inasimama, anapandisha kitenge kidogo. "Iko inakuja," anasema. Juu jua linawaka, majani ya michikichi yametulia kabisa, lakini kifundo chake kimeshasikia ubaridi unaotambaa chini. Anakwenda kushusha kanzu, na kabla chai haijachemka, mvua imefika. Alikuwa na alama nyingine pia, siafu wanaohamisha mayai yao, harufu ya matope ya mto inapobadilika. Na alikuwa na masharti yake. Mvua ikianza, kioo kifunikwe, mchi usipigwe kinuni, mtu asisimame mlangoni, na mtoto asihesabu umeme, kwa kuwa kuuhesabu ni kuuita.

Nikifumba macho sasa hivi ninasikia mawese yakichemka, na moshi, na vitumbua vya jirani. Alikuwa mama mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi relini. Alikaanga vitumbua vya mchele kila Ijumaa, hata vita ilipotubana, ingawa vilizidi kuwa vidogo. Vilivyoungua alituitia mimi na binti yake. "Kuleni, panya nyinyi!" Yeye na nyanya waligombana kila wiki juu ya mchi wa kuazimana, na kila wiki wakapatana.

Shule yetu ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji, kwa hiyo mwalimu alimwomba nyanya baraza. Tablo, ubao wetu, ilikuwa mlango wa zamani uliopakwa mkaa. Tulisoma huku masikio yako nje, maana siku hizo kila mlio ulikuwa na maana yake na sisi watoto hatukujua kuutofautisha. Siku moja radi ilipiga na klasi nzima tukalala kifudifudi, kaye zetu za kuandikia zimetapakaa kila mahali. Mwingine alijikojolea, na sitasema ni nani, lakini ninamjua vizuri sana. Mwalimu hakucheka. Alingoja tuinuke, akafuta hesabu ubaoni, akasema leo tunasoma radi.

Alitufundisha kwamba mwanga na mlio huzaliwa pamoja, ila mwanga hukimbia zaidi. Ukiona mwanga, hesabu polepole mpaka mlio ufike, kisha gawanya kwa tatu, utapata ni kilomita ngapi. Hesabu ikipungua, radi inakukaribia, ingia ndani, toka majini, usikae chini ya mti. Halafu, ili kututuliza, akaongeza: "Na mukisikia mulio bila kuona mwanga mbele yake, hiyo si radi. Hiyo njo bunduki kubwa." Tuliandika yote.

"Mwalimu, umeme hauhesabiwi!" nyanya akapiga kelele kutoka jikoni.

"Basi, mama mukubwa, kuja utufundishe ile ya muguu," mwalimu akamjibu kwa heshima. Nyanya alidhani anachekwa. Alipoona mwalimu mwenyewe anavua viatu, alikuja akatupanga mstari, akatuambia tunyamaze na tusikilize kwa miguu. Siku hiyo tulisikia kweli, baridi nyembamba ikipita juu ya vidole, ikapanda hadi kifundoni. Mwalimu akaeleza kwamba hewa baridi ni nzito, inaporomoka kutoka kwenye wingu la mvua na kutambaa chini mbele ya mvua yenyewe, kwa hiyo miguu huijua kabla ya uso. Nyanya alisikiliza mikono kiunoni.

"Sasa kaye yako imejua kitu nilichokijua mbele ya baba yako kuzaliwa," akasema, lakini nilimwona amefurahi mpaka masikioni.

Tangu hapo walifundisha wawili. Tulitega kopo la maziwa uwanjani kupima mvua, na kwenye kaye tukaandika nyanya amesema nini na mbingu imefanya nini. Mwalimu hakudanganya. Alisema miguu na siafu vinasema kweli, lakini kioo hakileti radi wala hakiifukuzi. Nyanya alinuna siku mbili, asimpe chai. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake mwalimu hasa. Nilihesabu umeme kwa siri, vidole vikiwa ndani ya gauni, na nilijiona mjuzi kuliko nyanya. Watoto wenye akili nyingi ni wabaya sana, nawaona leo klasini na ninajiona mwenyewe.

Siku yenyewe nyanya alikuwa na homa. Alilala kwenye mkeka akitetemeka, akanituma: "Kwenda kachunge kanzu. Muguu peku. Ukisikia baridi, shusha." Mama na jirani walikuwa wamevuka asubuhi. Lakini mimi nilikuwa nimepata buti za mpira, zilizogawiwa watu waliokimbia na mama akabahatika kupata pea moja. Zilikuwa kubwa, zilinipwaya, na sikuzivua hata kwa kula. Ukingoni kulikuwa na matope. Nikaenda nazo miguuni.

Nilisimama chini ya mwanzi. Mbele yangu, upande wa Alunguli, mbingu ilikuwa safi. Mvua zetu nyingi zilitoka upande huo, tukaziona zikija. Sikugeuka nyuma, upande wa reli, na hata ningegeuka, nyumba na michikichi vilikuwa vinaziba. Halafu mlio ukaja. Mkubwa, ukajiviringisha juu ya maji, ukagonga ng'ambo na kurudi. Nilikuwa sijaona mwanga wowote. Nikangoja, ukaja wa pili, tena bila mwanga.

Somo nililijua vizuri mno. Mlio bila mwanga ni bunduki kubwa, na masikioni mwangu mlio huu ulikuwa unatoka Alunguli, kule mama aliko. Nikishusha kanzu, mama atabaki na wenye bunduki. Basi sikuishusha. Niliushika mwanzi kwa mikono yote nikautikisa, kanzu ikapepea juu kama mtu anayeita, na mimi nikapiga kelele, "Mama, vuka! Vuka!" ingawa hakuna aliyeweza kunisikia. Ndani ya buti miguu yangu ilikuwa na joto zuri tu.

Mama alisimulia baadaye kwamba wao waliona wingu jeusi nyuma ya mji. Walibishana. Jirani ndiye aliyesema, "Kanzu iko juu, tena inatuita. Mama mukubwa hajakosea hata siku moja." Wakapanda.

Nyanya aliisikia baridi kupitia mkeka. Alitoka mbio na homa yake, kitenge kinaburuta, akanisukuma pembeni, akauangusha mwanzi. Mtumbwi ulikuwa umeshafika katikati. Upepo ukaja kutoka nyuma yetu ukaupiga mto, maji yakainuka meupe, na mtumbwi haukuonekana tena. Watu waliokimbilia ukingoni waliyemwona ni nyanya, amesimama na kanzu mikononi, anautazama mto.

Mpiga kasia na mama waliung'ang'ania mtumbwi uliopinduka, ukawapeleka hadi kwenye kisiwa cha mchanga. Jirani hakujua kuogelea. Alipatikana siku ya tatu.

Baada ya mazishi mwalimu aliandika ubaoni sentensi moja: mchana, mwanga wa radi unaweza kujificha nyuma ya wingu, nyuma ya nyumba au nyuma yako. "Nilisahau kuwaambia hiyo," akasema. Hakujua lolote juu yangu, alikuwa anakamilisha somo tu. Mimi nilinakili kila neno kwa mwandiko mzuri.

Kisha watu wakaja uwanjani kwetu, ndugu za marehemu na majirani, wakasimama. Mmoja akauliza, "Siku ile, nani alikuwa anachunga kanzu?"

Nilikuwa nyuma ya kinu, nimevaa buti zangu. Nilijua jibu. Nyanya alinitazama kidogo tu, kisha akawageukia wao. "Njo miye," akasema. "Nilikuwa na homa, miguu ilikosea."

Afadhali angesema jambo lingine lolote. Miguu ile haikuwahi kukosea, kila mtu alijua, na sasa ndiyo iliyomfunga. Wakasema aliyekuwa anajua upepo unakuja na akaacha kanzu juu, huyo ameua. Mwingine akasema anayeusikia upepo hivyo ndiye anayeuita. Wakakumbuka magomvi ya mchi. Mwalimu alijaribu kueleza habari za hewa baridi na wingu, kwamba hakuna mtu wa kutuma upepo, wakamwambia, "Wewe fundisha watoto." Mama alikaa na kitenge kichwani, hakumtetea. Na mimi, rafiki yangu, nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na sikusema.

Wakampa siku mbili aondoke. Alifunga mzigo wake aende Kibombo kwa kaka yake, kwa miguu, akifuata reli pamoja na watu wengine. Nilimfuata chumbani nikilia, nikamwambia nitasema. Alinikamata masikio yote mawili.

"Hautasema. Wewe uko mutoto, kitu hii itakuponda. Miye nimeshazeeka, nitaibeba." Halafu akatazama chini. "Na hizo buti, vua."

Alipopita mbele ya nyumba ya jirani, watoto na wakubwa walikuwa wamesimama wanapiga kelele, wengine wanatupa vitu. Mimi nilibaki mlangoni, mama amenishika. Nyanya alipotokea tena mbali, karibu na reli, alikuwa anachechemea. Nilidhani ni homa. Kabla ya mwaka kwisha tuliletewa habari kwamba amefariki, na vita haikuturuhusu hata kwenda kumzika. Binti wa jirani alikuwa ameshachukuliwa na mjomba wake, akahama mji. Mama akazeeka, akafa misimu mitatu ya mvua iliyopita, akiamini mpaka mwisho kwamba mama mkwe wake alitaka kumuua. Nilimuuguza miezi minne. Kila siku nilisema kesho nitamwambia.

Leo ukingoni hakuna mwanzi. Mitumbwi ina mota, watu wana simu, na mvua ikija kila mtu anakimbia kivyake. Vitumbua bado vinauzwa, lakini vya siku hizi vimejaa soda, sivitaki. Kanzu sijui ilikwenda wapi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu walikuwa wanauliza "Kanzu iko juu?" na kuamini jibu, na baada ya siku ile hakuna aliyeuliza tena mtu yeyote. Ujuzi wa nyanya uliitwa ulozi, ukaenda naye Kibombo, na aliyeuharibia jina ni mimi.

Jana yule mama alirudi. Alikuja kuchukua kaye ya mtoto wake, anataka kumhamisha shule. Watoto walikuwa nje wanacheza, na mimi nilikuwa nimesimama uwanjani peku. Upande wa ng'ambo, nyuma ya mji, wingu lilikuwa limeanza kujaa. Nilimpa kaye. Akageuka kwenda.

"Nilikuwa nimevaa buti," nikamwambia mgongoni.

Akasimama. Nikamwambia yote, haraka haraka, bila mpango, homa ya nyanya, mlio, mwanzi nilioutikisa, mama yake aliyesema kanzu inatuita. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, akinitafuta, na nikaona amenipata.

"Njo wewe?" akauliza.

"Njo miye."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, nakwambia kweli. Yeye aliinama taratibu akaweka kaye chini, machozi yanamtoka bila sauti, akagusa mguu wake mwenyewe juu kidogo ya kisigino.

"Siku ile anaondoka nilimutupia jiwe," akasema. "Lilimupata hapa. Alinitazama tu, akaendelea. Miaka yote hii nilikuwa najisifu nalo."

Tulisimama pale, wanawake wawili wazima, watoto wanatushangaa. Kisha akavua kandambili zake, moja, halafu ya pili, akakanyaga udongo. Baridi ikaja, nyembamba, ikapita juu ya vidole vyetu. Alinitazama kuuliza kama ndiyo yenyewe. Nikaitikia kwa kichwa, tukaanza kuwaingiza watoto ndani.